Mashine Iliyopanda Kitonga

Jumatatu, 8 Aprili 2002

Mimi ni mke wa Godfrey! Nimeiandika kwanza sentensi hiyo kwenye karatasi ya kufungia sukari, mkono uizoee, ndipo nikaiandika humu. Ndoa ilifungwa juzi Jumamosi kanisani Kilosa, jana tukapanda basi kuja kwetu Mikumi, na leo asubuhi nimeingia chumbani na chai ya mume wangu nikamkuta ameifumua kompyuta juu ya shuka la harusi.

Nusura niangushe sinia. Utumbo wote wa mashine ulikuwa nje: nyaya, vibati, feni yenye vumbi nene kama sufi.

"Godi! Imekufa?"

"Haijafa, Aga wangu. Naiandaa. Nataka iende mbio kuliko ilivyotoka kiwandani."

Nilikaa pembeni ya utumbo ule mdomo wazi. Kumbe inawezekana? Kumbe waliotengeneza kitu wanakupa mwendo wao, na wewe huku Mikumi, na bisibisi yako, unaweza kuomba zaidi? Nilimtazama mume wangu, ana vumbi mpaka kwenye kope, nikajiuliza nimeolewa na mtu wa namna gani. Nilipata jibu la kunifurahisha sana, ila siliandiki.

Sababu yake ni hii. Mwinshehe, mpiga video wa harusi kutoka Morogoro, anatuletea kanda zake ili Godfrey azigeuze ziwe CD. Ni kazi nzuri, na hapa barabarani hakuna mwingine anayeifanya. Lakini kompyuta yetu ni ya mtumba, ilitolewa kwenye ofisi moja Dar ilipoletewa mpya. Kanda moja inaichukua kutwa nzima, na masika haya umeme unakatika kila mvua ya mchana inapoanza. Ukikatika, kazi yote inapotea, unaanza upya. Kwa hiyo hakuna kanda inayofika mwisho.

Kazi hii ikishindikana, Godfrey atarudi kuwa utingo kwenye lori la mzee Timotheo, Dar mpaka Tunduma, wiki nzima hayupo, alale chini ya lori au kwenye gesti za huko njiani. Mzee Timotheo amesema atamwekea nafasi mpaka mvua ziishe. Sikuolewa ili nimpungie mume mkono kutoka dirishani.

Jumatano, 10 Aprili

Leo nimefundishwa, na mwalimu alikuwa ananishika mkono.

Kwanza, kabla ya kugusa chochote ndani, unachomoa waya wa umeme, kisha unashika bati la kasha, ili umeme mdogo ulio mwilini mwako uishie pale. (Nilishtuka: mimi nina umeme mwilini? "Wewe unao mwingi," akasema Godfrey.) Vumbi tulilipuliza kwa pampu ya baiskeli, na blade za feni tukazizuia kwa kidole zisizunguke ovyo. Kisha akang'oa kipande cha bati chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, akafuta dawa kuukuu iliyokauka kati ya vitu hivyo viwili na kupaka mpya, nyeupe kama dawa ya meno. Kiasi cha punje ya mchele tu. Ukiimwaga kama siagi kwenye mkate umeharibu.

Mwendo wenyewe unaongezwa kwenye ukurasa wa bluu. Unaupata ukibonyeza kitufe kimoja mashine ikiwa ndiyo inaamka. Mle ndani kuna ngazi. Unapanda ngazi moja, unaiacha mashine ifanye kazi ngumu saa nyingi, unarudi kusoma joto. Ikitulia, kesho unapanda nyingine. Ikiganda, unateremka. Hubadilishi vitu viwili kwa mara moja, maana ikileta matatizo hutajua kipi kimeyaleta. Kazi za watu unazihifadhi kwanza pembeni. Na nguvu ya umeme inayokwenda kwenye prosesa huigusi kabisa, wewe ni mwanafunzi, utaunguza. Mashine ikikataa kuamka, unatoa betri yake ndogo kama sarafu, unasubiri, unairudisha, nayo inasahau yote uliyoifanyia.

"Sasa wewe haya umeyajulia wapi?"

"Dar, tukisubiri kupakia mzigo. Wenzangu walikuwa wanacheza karata, mimi nakwenda kukaa kwa fundi mmoja Kariakoo. Aga, ni kama lori kupanda mlima Kitonga. Dereva mjinga anakanyaga tu. Mwenye akili anakanyaga kidogo, anatazama geji ya joto, anasikiliza injini."

Nimeolewa na mwenye akili.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Ngazi ya kwanza. Imetulia. Nimepika wali wa nazi.

Jumamosi, 13 Aprili

Imefika mwisho! Ngazi ya pili, na kanda nzima imekwisha kabla tone la mvua halijaanguka! Tulikaa bega kwa bega tukimtazama bibi harusi wa Morogoro tusiyemjua akikata keki, na Godfrey akaninong'oneza kwamba mimi nilikata vizuri zaidi. Alisoma joto, akacheka kwa sauti. Umeme ulipokatika tulipiga makofi. Nadhani majirani wanatuona wendawazimu.

Jumapili, 14 Aprili

Mama mkwe ametufikia kutoka Munisagara, kwa treni mpaka Kilosa kisha basi. Hatukumtarajia. Nilikuwa nimejifunga khanga kuukuu na masizi usoni. Nilipiga goti pale pale mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huyu anakulisha au anakupa kompyuta?"

Mama Katarina ni mwembamba, anaongea kidogo, na macho yake yanapita kwenye kila kitu kama mtu anayekagua mpunga. Alivikagua vitambaa vyangu vya kufuma: vya makochi, cha redio, cha mtungi, cha meza. Nilifuma mwaka mzima kabla ya harusi, kama kila msichana. Akafungua mfuko wake, akatoa kitambaa ambacho sijapata kuona cha namna ile: cheupe, kizito, chenye mawaridi ya pinki, kimefumwa kwa umbo la kasha la kompyuta. Alikuwa amemwomba Godfrey vipimo tangu Krismasi, naye akampa bila kujua ni vya nini! Tulikivisha kikakaa kama gauni la fundi hodari. Juu, pembeni, nyuma, mpaka mezani, kikaacha uso tu wenye kitufe. Mashine imekuwa bibi harusi mwenye shela.

Godfrey alimbusu mama yake mkono. Kufuma kwangu kote ni kwa mtoto wa shule.

Jumanne, 16 Aprili

Imeganda. Bwana harusi wa kwenye kanda amekwama na kijiko mdomoni. Godfrey amekunja kitambaa cha mama yake taratibu, amefungua skrubu, amepuliza, amefunga, ameingia ukurasa wa bluu kusoma joto. Joto ni la kawaida. Haelewi.

Ijumaa, 19 Aprili

Imeganda tena, ikiwa imebakiza kidogo sana imalize. Ameteremka ngazi moja. Mama alikuwa amekaa karibu na mashine anachambua mchicha, akauliza, "Kwani hii kitu lazima iende mbio? Inamkimbia nani?" Godfrey aliinamia ukurasa wa bluu. Ni mara ya kwanza namwona hamjibu mama yake.

Jumatatu, 22 Aprili

Mwinshehe alikuja kuuliza kanda zake. Alikuwa anasimulia kwa mikono, akamwaga chai yote kwenye kitambaa cha mashine.

"Samahani shemeji, samahani! Mashine imelowa?"

"Mashine haijalowa, ila kitambaa ni cha mama mkwe!"

"Mungu wangu. Bora ningemwagia mashine."

Bahati nzuri mama alikwenda Kilosa kwa dada yake asubuhi ileile. Nimekifua, nimekianika, lakini kwa mvua hizi kitakauka lini?

Jumatano, 24 Aprili

Siku mbili za raha! Jana kanda nzima, leo kanda nzima. Godfrey amepanda ngazi mbili, moja jana na moja leo, na imetulia kama maji mtungini. Amenibeba akanizungusha mpaka tukagonga kabati. Amesema mzee Timotheo atafute utingo mwingine.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama amerudi. Mashine imeganda.

Nimeandika sentensi mbili hizo nikazitazama muda mrefu. Jumanne alikuwepo, ikaganda. Ijumaa alikuwepo, ikaganda. Amekwenda Kilosa, ikakimbia. Leo ameingia, nimemwandalia chai, nimetandika vitambaa vyote safi vilivyopigwa pasi, tumekaa sebuleni vizuri kabisa, na kabla chai haijapoa Godfrey akapiga meza kwa ngumi.

Mungu anisamehe. Nimeanza kumwogopa mama wa mume wangu.

Jumamosi, 27 Aprili

Imeganda. Amerudisha ngazi zote chini, mwendo wa kiwandani.

Jumatatu, 29 Aprili

Imeganda hata kwa mwendo wa kiwandani!

Sikujua mtu anaweza kubadilika rangi namna ile. Godfrey alikaa na mikono mapajani, akasema polepole, "Basi nimeiua. Nimeikimbiza mpaka nimeivunja ndani. Fundi alinionya." Nikamwambia tulikwenda ngazi moja moja, tulisoma joto kila mara, hatukugusa nguvu ya umeme. Akasema, "Nilisoma joto, Aga, na lilikuwa zuri. Ndiyo maana najua ni mimi nimeivunja. Kama si joto, ni nini?"

Mama alikuwa mlangoni. Akasema, "Lori halina kompyuta," akaenda jikoni. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Kwa hiyo ndicho anachotaka! Anataka mtoto wake arudi barabarani, sijui kwa ajili ya nini, labda ili asiwe wangu. Usiku nilimgeuzia Godfrey mgongo nisimwambie ninachofikiria.

Ijumaa, 3 Mei

Mwinshehe amechukua kanda zilizobaki. Hakugombana. Ingekuwa afadhali angegombana.

Jumatatu, 6 Mei

Lazima niandike yote leo.

Mzee Timotheo alifika saa tano asubuhi, lori limebeba saruji ya kwenda Makambako. Nilimwamkia nikakimbilia ndani. Nilisikia kicheko chake.

"Haya, bwana harusi! Shela limekwisha, sasa turubai!"

Godfrey alikuwa amewasha mashine tangu alfajiri, mwendo wa kiwandani, kanda ya harusi yetu wenyewe, iliyobaki peke yake. Aliniambia ikifika mwisho atabaki. Kabla ya saa sita picha ikaganda. Sisi wawili tumesimama mlangoni pa kanisa, mimi nimefumba macho. Aliitazama picha hiyo, akachukua begi. Hakuizima hata mashine. Alinishika uso, akatoka.

Mimi nilisimama katikati ya sebule. Machozi yalikuja mengi, leso sina, nikanyakua kitu cha kwanza kilichokuwa karibu na mkono. Kitambaa cha mama. Nikajifunika nacho uso.

Kilikuwa cha moto.

Sisemi vuguvugu. Kilikuwa cha moto kama nguo inayotoka chini ya pasi! Kilio kilikatika. Niliweka kiganja nyuma ya kasha, pale hewa inapotokea, nikakitoa haraka. Ilikuwa kama nimefungua jiko la maandazi. Nikasikia feni inalia, inahangaika, na kadiri nilivyosimama pale bila kitambaa, sauti yake ikaanza kushuka.

Kila ikiganda, Godfrey hukikunja kwanza kitambaa, taratibu kwa sababu ni cha mama, hufungua skrubu, hupuliza, hufunga, ndipo husoma joto. Amekuwa akimpima homa mgonjwa aliyekwisha kuogeshwa maji baridi! Na zile siku mbili za raha, kitambaa kilikuwa kwenye kamba, kinadondosha maji. Si mama aliyekuwa Kilosa. Ni kitambaa kilichokuwa uani. Na aliyekirudisha, akakipiga pasi, akakivuta vizuri mpaka mezani lisibaki hata tundu, ni mimi. Tumefunika redio, tumefunika mtungi, tumefunika makochi, nani angekiona kitambaa kimoja zaidi?

Nilikimbia. Bibi harusi wa mwezi mmoja, khanga moja, ndala mkononi, kando ya barabara kuu mchana kweupe! Namshukuru Mungu kwa foleni ya mizani ya kupimia malori. Malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu, na la mzee Timotheo lilikuwa bado nyuma.

"Godi! Shuka!"

Mzee Timotheo akatoa kichwa. "Mama, kuna mgonjwa?"

"Kompyuta ina homa, baba! Ina homa kali!"

"Homa? Mpeni Panadol, sisi tuna saruji."

Lakini Godfrey alikuwa ameshafungua mlango. Nilimwambia huku nahema: kitambaa, moto, siku mbili, kamba. Nilimwona anaelewa. Alifumba macho kama anayesikia maumivu. Akamgeukia bosi wake. Mzee Timotheo alitazama foleni.

"Nenda kaangalie. Lori likivuka mizani hujarudi, nitajua umekufa kwa mapenzi, nitachukua mwingine."

Nyumbani Godfrey hakugusa skrubu. Alinivuta mkono, akasema, "Kirudishe kama kilivyokuwa." Nikaivisha mashine shela lake, akaiacha ihangaike kidogo, kisha akaiwasha upya na kuingia ukurasa wa bluu kitambaa kikiwa juu. Akasoma namba. Akakaa chini sakafuni. Mwezi mzima hakuwahi kuisoma namba hiyo. Tukakitoa, tukasubiri, akasoma tena, ikawa inashuka mbele ya macho yetu.

"Haijavunjika," akasema. "Aga, haijavunjika. Ilikuwa inakosa pumzi."

Ndipo tukamsikia mama nyuma yetu.

"Kwa hiyo ni kitambaa changu."

Ningetamani ardhi ipasuke. Nani anamwambia mama yake kitu kama kile? Mimi nikajikuta nimepiga goti, nikasema, "Mama, mimi ndiye nilikuwa nakifunga mpaka chini. Ni kizuri mno, nilitaka kila mgeni akione."

"Nilikifuma ili wakione," akasema. "Mtu akiingia hapa aone kitu cha mwenye mji, kitu kilichokaa, si mzigo wa msafiri. Nilifikiri kikivaa vizuri, na huyu atakaa." Akamtazama Godfrey. "Baba yako alikufa barabarani wewe hujajua kutembea. Unadhani nalala ukiwa Tunduma?"

"Lakini mama," nikasema, "ulisema lori halina kompyuta."

"Nilisema kwa uchungu. Ulitaka niseme nini, na mimi nakiona kitu kinachombakiza mwanangu kinakufa?"

Nilishindwa kuinua uso. Mambo niliyoyaandika humu tarehe ishirini na tano na ishirini na tisa yalinichoma.

Akaomba mkasi. Nilidhani amekasirika. Alikata fundo moja pembeni, akavuta uzi, na waridi la kwanza likafumuka mbele yetu. Godfrey akapiga kelele, "Mama, usifanye hivyo!" Kazi ya miezi mitatu! Akamwambia, "Wewe shika mashine yako." Akaniambia mimi ninyooshe mikono, akaanza kuuzungusha uzi kwenye viganja vyangu, waridi baada ya waridi, na sisi wawili tukatazamana katikati ya uzi ule, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu aje. Ana macho ya Godfrey. Sijui nilikuwa natazama nini siku zote hizi.

Honi ya lori la mzee Timotheo ikalia barabarani, ndefu, kisha mbili fupi. Godfrey aliinua kichwa. Akakiinamisha tena kwenye kioo cha mashine.

Jumatano, 8 Mei

Kanda ya harusi yetu imefika mwisho. Kumbe pale mlangoni pa kanisa nilifumba macho kwa sababu ya mchele waliotumwagia. Mama amecheka mpaka akashika ubavu. Sijapata kumsikia akicheka.

Jumapili, 19 Mei

Ngazi ya tatu sasa, moja moja, kila siku kusoma joto mashine ikiwa bado imechemka kazini. Godfrey amekataa ngazi ya mwisho. Anasema tukifika juu ya Kitonga hakuna haja ya kuruka. Mwinshehe amerudi na kanda mpya, na kabla hajapewa chai akauliza, "Kitambaa kiko wapi, nikae mbali nacho?"

Jumamosi, 25 Mei

Mvua zimeisha, vumbi la barabara limerudi. Mama ameondoka leo kwenda Munisagara, ana mpunga wa kuvuna. Ametuachia vitambaa viwili vidogo vya uzi uleule: kimoja cha kuweka juu ya kioo tu, hakina upande wa nyuma kabisa, na kingine cha duara, kidogo kama kofia ya mtoto. Nilimuuliza hiki ni cha kufunika nini. Akasema, "Utajua mwenyewe," akapanda basi. Nimeshtuka mpaka sasa hivi. Sijamwambia mtu yeyote, hata Godfrey, sina hata uhakika. Yeye amejuaje?

Lori la mzee Timotheo limepita jioni na kijana mwingine juu ya mzigo. Kabla ya kuzima mashine niliweka kiganja nyuma yake, pale hewa inapotokea, kama ninavyofanya kila siku sasa, kisha nikakiweka mgongoni kwa mume wangu aliyekuwa bado ameinamia kioo. Hakugeuka. Alisema tu, "Vipi, daktari?"

"Joto la kawaida," nikamjibu.